Nyavu Zirudi Juu ya Moshi

Bunduki itajuaje kama mnyama huyu ana mimba? Hilo ndilo swali nililouliza pale uwanjani Wamaza, mbele ya depite, mbunge wetu, na wageni wake, nikiwa nimesimama kwa mkongojo na homa yangu mwilini. Depite alicheka kidogo, kicheko kile cha mtu anayesubiri mtoto amalize kulia, akanywa maji yake ya chupa, akasema, "Asante, Mama, tuendelee," na wakaendelea. Nyinyi wanangu watatu mlikuwapo. Wewe Rachida ulinivuta kikwembe nikae. Wewe Iliasi ulitazama viatu vyako. Na wewe Djamali, kifungua mimba wangu, ulikuwa umekaa upande ule wa pili, kwenye viti vya plastiki, pamoja na wao.

Basi leo siulizi. Leo nasema, nanyi mtasikia mpaka mwisho, kwa kuwa mtu anayekufa ana haki moja ambayo mzima hana: hakatizwi maneno. Nimewaambia mnilaze hapa jikoni, na Rachida amenung'unika kwamba jikoni si mahali pa mgonjwa, kwamba moshi utanimaliza. Moshi huu umenilea, binti yangu, hauwezi kunimaliza. Kitakachonimaliza ni kule chumbani, kulala nikitazama bati kama mtu asiye na kazi. Inueni macho. Mnaliona lile dari la miti juu ya mafiga, jeusi kwa masizi? Liko tupu. Ni mwezi wa mvua, mvua yenyewe mnaisikia hapo nje, na dari langu liko tupu. Tangu nizaliwe katika nyumba hii ya baba yangu sijaliona tupu wakati wa mvua. Nimeliona sasa, nikiwa nimelala chali, sina nguvu hata ya kugeuka nisilione.

Tuanze na mali, ili mwenye haraka ya mali apate kutulia. Nyumba ya Kasongo aliyoiacha baba yenu, duka lake pale sokoni, michikichi ya bondeni na mbuzi, vyote hivyo sina wosia navyo. Mwalimu Amisi wa msikitini atakuja, atagawa kama Kitabu kinavyosema, na asitokee mtu kusema Mama aliniambia pembeni, maana sikumwambia mtu pembeni. Wosia haumwongezei mrithi. Hilo mlifundishwa mkiwa bado na vumbi la chuo cha Kurani magotini. Kile kipande cha shamba tunachogombania na Heri, jirani yetu, mwachieni Heri. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mbuzi ambao baba yenu aliwafuga hapa kwetu na mihogo ya baba yake. Wazee wote wawili wamekwisha kufa, mbuzi hao wamekwisha kuliwa, na mimi sioni kwa nini ugomvi ubaki hai peke yake kama mjane asiye na kwao. Tena mkumbuke kwamba ukoo wa Heri, Wakristo kama walivyo, unatudai shingo ya mnyama wa kwanza kila pori linapofunguliwa, kwa kuwa babu yao ndiye aliyemwonyesha babu yetu vijito vya kuwindia. Shingo hiyo haijapelekwa tangu ule ugomvi. Deni la nyama halioshwi na maombi ya Jumapili wala sala ya Ijumaa. Lipelekwe.

Mali imekwisha. Sasa nawausia kile ambacho Kitabu hakikigawi, kwa sababu si changu. Nawausia pori.

Najua mnachosema mioyoni: Mama anaota, pori litarithiwaje? Ndiyo maana nataka mnisikie vizuri. Mtu hurithisha chake, lakini huusia hata amana ya wengine iliyomo mikononi mwake, na amana huogopwa kuliko mali, kwa kuwa mali ukiipoteza unalia peke yako, amana ukiipoteza wanalia wenyewe nawe huna pa kuficha uso.

Mnajua jinsi baba yangu na ndugu zake walivyowinda. Hawakuwinda kila siku kama mbwa mwenye njaa. Kiangazi kilipokauka nyasi, nyavu zilishushwa kutoka dari hili, zikabebwa kichwani mchana kweupe kupitia vijiji vyote mpaka ukingo wa pori, na kila aliyeziona zikienda alijua kwamba pori limefunguka, awe Mbangubangu, awe mtu wa Kasongo, awe mgeni aliyekuja jana. Mvua ya kwanza ilipogonga majani, wanyama wakaanza kuzaa, nyavu zilirudishwa kwa njia ileile, kichwani, mchana kweupe, na kila aliyeziona zikirudi alijua pori limefungwa. Hapakuwa na polisi. Hapakuwa na kibao. Mtu aliyekutwa na nyama mbichi wakati nyavu ziko juu ya moshi, hata mkewe alikataa kuipika.

Na nyavu hazikukaa kwa mwindaji. Zilikaa kwa binti wa ukoo, asiyewinda wala asiyeolewa na mwindaji, kwa sababu wazee wetu hawakuwa wajinga kama mnavyodhani mkiwaona kwenye picha wamevaa magome ya miti: mwenye njaa hapewi kijiko cha kugawia. Nilipokuwa mke wa mwenye duka kule Kasongo zilikaa kwa shangazi yangu, humu humu jikoni. Baba yenu alipofariki nikarudi, shangazi akanikabidhi, nami nikazifukiza kila asubuhi mchwa wasizile. Iko pia ile kanuni ya mwisho, ambayo leo ndiyo ninayoitaka kuliko zote: aliyezishusha ndiye anayezipandisha, si mwingine. Kwa nini? Kwa sababu yeye ndiye aliyewaingiza watu porini, yeye ndiye anayejua nani bado yumo. Akizipandisha anatoa ushahidi kwamba wote wametoka. Mwingine akizipandisha ni uongo mtupu, ni kama kufunga mlango wa nyumba ya jirani na kusema amelala.

Sasa, Djamali. Usiinamishe kichwa, niangalie.

Siku chache kabla ya mkutano ule wa uwanjani nilikuwa nimelazwa zahanati. Ukaingia jikoni kwangu, ukapanda juu ya kinu, ukazishusha. Nilipopata habari nikakuita, ukaja na simu yako mkononi, ukaniambia, "Mama, ni foto tu. Wageni wa depite wanataka kuona utamaduni wetu. Mutu hataingia porini." Foto tu. Ukazifunga kwenye pikipiki yako, upande huu na upande huu, kama mikungu ya ndizi inayopelekwa Salamabila, ukapita nazo vijiji vyote mchana kweupe, ukielekea uwanjani, na uwanja uko njia ileile ya pori. Mke wa Heri alikuwa analima kando ya barabara. Akasimama, akakuuliza kwa sauti, "Djamali, pori limefunguka?" Na wewe, pikipiki inanguruma, husikii kitu, ukampungia mkono. Ukadhani anakusalimu.

Ungekuwa mtu wa Kindu, au mtu wa Kinshasa, ningesema hajui. Lakini wewe ulizaliwa chini ya dari hili, nilipokuja kwa baba yangu kujifungua. Ulikanyaga moshi huu kabla hujakanyaga ardhi. Ulijua kwamba kwetu nyavu zikionekana njiani hazisemi foto, zinasema neno moja tu, tena halina haja ya mdomo. Kabla jua halijazama neno lilikuwa limefika Salamabila kwenye machimbo. "Nyavu zimeshuka." Walikuja na bunduki, walikuja na waya, walikuja na taa za kichwani. Hata majirani zetu waliingia, nami siwalaumu, maana waliona walichokiona.

Halafu Rachida, bila kujua, akanunua paja sokoni aninywishe mchuzi nipate nguvu. Lilikuwa paja la mboloko, yule paa mdogo wa msituni ambaye kumkosa ni rahisi kuliko kumpiga, na aliyelikata hakulikata vizuri, alilitoa pamoja na kipande cha tumbo chenye kiwele. Rachida aliliweka ndani ya beseni, hapo, karibu na kichwa changu. Likatoka maziwa. Mlikuwapo, mliyaona yakitengeneza mstari mweupe juu ya damu. Sikula. Mkasema nimekataa chakula, mkasema ni ugonjwa. Haukuwa ugonjwa. Kila nikifumba macho nauliza yuko wapi yule aliyekuwa anayangojea maziwa yale, kama yuko kwenye majani anaita, au kama naye yuko juu ya meza nyingine ya soko.

Na huo haukuwa mwisho. Siku ile ya swali langu, depite aliposimama mara ya pili, akieleza ile sheria mpya ya uwindaji ambayo yeye na wenzake wanaipika, alituchinja kwa kisu chetu wenyewe. Alisema, nami nilisikia kwa masikio yangu haya, "Hata wenyewe wamefungua pori kabla ya wakati. Mila imekufa. Pahali mila imekufa, sheria iingie." Watu wakapiga makofi. Na wewe, mwanangu, ulipiga makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe walikusifu kidogo tu: walikuambia utakuwa mkuu wa walinzi wa pori, utapewa buti na kofia. Kwa buti na kofia ukawapa hata nyavu, na sasa zimetundikwa ukutani katika salon, ile sebule ya depite kule Kasongo, chini ya saa ya ukuta, wageni wanakunywa soda wakizitazama. Nyavu ambazo mtu asiye na wudhu wa moyo hakuzigusa.

Nipeni maji. Si hayo ya moto, Rachida. Ya mtungini.

Nimechoka, lakini nimechoshwa zaidi. Ile sheria yao nimeisikiliza ikisomwa kwa Kifaransa, nikaisikiliza ikifasiriwa, nikamwomba na Chadia, mjukuu wangu anayesoma sheria kule Kindu, anieleze polepole, na kila ikielezwa inakuwa mbaya zaidi, kama samaki anayegeuzwa geuzwa juani. Inasema mwenye kulipa kibali atawinda mwezi wowote, mvua au kiangazi. Inasema pori lote, toka vijito vya kwa Heri mpaka mto Luama, litakuwa eneo la uwindaji, litapewa mtu mmoja alishike kwa miaka ambayo Iliasi atazeeka haijaisha. Inasema mke wa Heri akiingia kuokota uyoga bila ruhusa ya mtu huyo, yeye ndiye mwizi. Mwanamke mwenye kikapu ni mwizi, mwanamume mwenye bunduki na risiti ni mgeni mheshimiwa. Hiyo ndiyo akili waliyokwenda kuisomea.

Wanasema pori halina mwenyewe kwa kuwa halina hati. Mto Luama una hati? Njia ya kwenda kisimani ina hati? Kitu cha wote wanakiita kisicho na mtu, kisha wanakiokota kama waliokiona wa kwanza. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wale wanyama waliowaleta wageni kutoka mbali kote huko hawakubaki hai kwa bahati, walibaki kwa sababu kuna watu waliokaa na njaa ya nyama miezi mingi kila mwaka, wakila sombe ya majani ya muhogo na bugali, nyavu zikining'inia juu ya vichwa vyao. Hao ndio wenyewe. Hati yao ni ile njaa.

Wanasema majangili wanaingia hata hivyo, afadhali waingie kwa kibali. Lo. Mwizi anaingia dirishani, basi tumpe ufunguo wa mlango na tumwandalie chai? Wanasema fedha itajenga shule. Shule gani ilijengwa kule Salamabila, ambako dhahabu imetoka tangu sijabalehe? Djamali, wewe unauza buti na betri kule, waambie wenzako umeona shule ngapi na mashimo mangapi. Lakini hata dhahabu tuiache. Dhahabu haizai, ukiichimba hujamuua mama yake. Mnyama anazaa. Ukimwacha miezi ile tu, miezi michache ya mvua, anakulisha wewe na mjukuu wako. Na wao wameitazama miezi hiyohiyo, wakaona ndiyo ya kuuza.

Wala asije mtu kusema mama yenu aliwachukia wawindaji. Mifupa hii imejengwa kwa nyama ya pori. Nimekula nguruwe wa porini kabla sijaolewa na kabla Uislamu wa baba yenu haujaninyoosha sawasawa, Mungu anisamehe, na ladha yake nimeisahau kwa juhudi. Sipigani na mkuki. Napigana na mkuki usiolala. Hata soko, sokwe wale walio kama watu, wanaokaa kule juu kwenye miti ya Luama, baba yangu alikuwa akiwakuta na watoto mgongoni, anapita kando kama mtu anayempisha mke wa mwenzake njiani. Bunduki ya kibali haipiti kando. Imelipiwa.

Siku ya soko ijayo wageni wanarudi. Depite atauliza watu, "Wenye nyavu wanasemaje?" na neno la wenye nyavu ndilo watakaloondoka nalo. Dari likiwa tupu, neno limekwisha kusemwa, na mimi nitakuwa nimelala kaburini nikiwa shahidi wao. Nyavu zikiwa hapa, zimepitishwa vijijini machoni pa watu, hoja yake haina mguu. Hataweza kusema mila imekufa mbele ya watu waliotoka kuiona ikipita barabarani. Mengine yote, kelele za Chadia na wenzake huko Kindu, barua zao, mikutano yao, ni mazuri na waendelee, lakini ni majani. Shina ni hili dari.

Njoo karibu, Rachida. Wewe unauza samaki wa Nyangwe, hupendi nyama, mumeo hashiki bunduki. Baada yangu, dari ni lako. Utazifukiza kila asubuhi. Atakuja mkubwa, atakuja na kitenge kipya, atasema azitazame kidogo tu. Mwambie macho yatazame kutoka mlangoni. Usiogope kuitwa mkali. Mwanamke mpole hakuwahi kulinda kitu katika nyumba hii.

Iliasi, wewe tatizo lako nalijua, unaona haya kusema mbele ya watu. Sikuombi hotuba. Siku hiyo simama tu, uulize swali langu lilelile, kwa maneno yaleyale, na asipojibu usikae. Akisema tuendelee, uliza tena. Akinywa maji, mngojee amalize, uliza tena. Waache watu waone mtu mzima akishindwa na swali la bibi kizee. Heri atasimama kando yako. Nimeongea naye jana, alikuja kunisalimia, tukacheka habari za wale mbuzi.

Na mnizike upesi, msiningojeze wageni wa mbali. Sanda iko sandukuni. Asiletwe mtu wa kupiga foto.

Djamali.

Sogea, sauti yangu haifiki mbali tena. Nakuona unalia. Lia, lakini lia ukisikia. Sikukasirikii kama unavyodhani. Nimechukizwa, hilo ni jingine, nimechukizwa mpaka kwenye meno, lakini mchuma janga hula na wa kwao, na mimi ni wako, tumelila pamoja. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Nyavu si maji, mwanangu. Zinabebeka. Ningeweza kumtuma Iliasi akazichukue, ana miguu mizuri. Lakini hakuzishusha yeye. Hajui nani yumo porini. Wewe unajua. Wale wa machimbo ni wateja wako, wanakuita kwa jina, wanakopa betri kwako. Uwaendee, uwaambie watoke, uwaambie ulikosea. Wengine watakucheka. Wengine watakutukana mama, na mama atakuwa amekwisha kufa, haitaniuma.

Kisha nenda Kasongo kwa depite. Mwambie buti apewe mwingine. Usigombane, usimtukane, ana nyumba yake na heshima yake. Shusha nyavu ukutani kwa mkono wako. Njoo nazo kwa pikipiki mpaka daraja la kwanza la kwetu, pale pikipiki iache. Toka hapo ni kichwani, mchana, polepole. Mke wa Heri akikuuliza... simama. Zima hata simu, simama, umjibu kwa mdomo.

Rachida, ninyanyueni kichwa kidogo. Hivyo.

Mungu awape macho ya kuona kilicho chenu na kisicho chenu. Awape watoto watakaowakatalia mkikosea. Mvua iwanyeshee kwa wakati wake, na kiangazi... kiangazi kiwakute mmesubiri. Heri na watu wake wawe ndugu zenu. Chadia ashinde, na akishindwa arudie. Nimewasamehe, nisameheni. Yaliyobaki ni ya Mungu.

Dari hili... silioni vizuri sasa. Moshi au macho, sijui.

Djamali, mwanangu. Kalete nyavu.